Chagua fizikia yenye kalkulasi

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka na KUCCPS ikafungua wavuti yake ili vijana wachague kozi za chuo kikuu, mimi hupata wageni. Majirani hapa Komarock wanajua kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, kwa hivyo watoto wao hunijia, wengine wakiwa na mama zao, na maswali yao ni yale yale. Sayansi ya kompyuta au uhandisi wa programu? Nianze na lugha gani ya kuandikia programu? Kazi zipo? Nawajibu ninavyoweza. Lakini kuna swali moja ambalo sijawahi kuulizwa na yeyote, na nadhani lingefaa kuwa karibu na la kwanza: katika kozi hiyo, mwaka wa kwanza, nitafundishwa fizikia ya aina gani?

Utasema, kwani fizikia ziko ngapi? Kwa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu ziko mbili. Moja hutumia kalkulasi tangu wiki za mwanzo. Nyingine hupita kwenye mada zile zile (mwendo, joto, umeme, mwanga) kwa aljebra na trigonometria peke yake. Marekani vyuo vingi huziweka zote mbili wazi kwenye orodha na mwanafunzi akachagua anayoitaka. Kwetu Kenya chaguo hilo limefichwa ndani ya chaguo jingine. Ukijaza uhandisi wa umeme, au shahada ya fizikia yenyewe, umechagua ile yenye kalkulasi. Ukijaza mojawapo ya kozi za kilimo au za afya, aghalabu umechagua ile nyingine. Na ukijaza sayansi ya kompyuta, ambayo ndiyo wageni wangu wengi huitaka, inategemea chuo: pengine utapewa fizikia kamili, pengine somo moja la umeme na elektroniki, pengine hutaiona fizikia kabisa. Mtu anabonyeza kitufe kwenye simu, anaenda zake kulala, na hajui kwamba jambo hilo nalo limeamuliwa.

Msimamo wangu nitausema mapema ili aliye na haraka aende na shughuli zake. Kama unataka kuandika programu, au kuwa mhandisi, au hujui bado unataka kuwa nini, tafuta kozi ambayo fizikia yake ya mwaka wa kwanza ina kalkulasi. Kama hisabati yako si nzuri, tafuta mahali pa kuisoma hiyo hiyo polepole. Usikimbilie ile nyepesi.

Sasa nieleze kwa nini.

Kuna jambo la ajabu katika mtaala wa KCSE ambalo wengi tumelizoea hata hatulioni. Kidato cha nne, mwalimu wa Hisabati hufundisha difarensiesheni na integresheni, na mojawapo ya matumizi anayoyatoa ni mwendo: ukijua mahali kitu kilipo kila sekunde, unaweza kupata kasi yake, na kutoka kwa kasi ukapata mchapuko, yaani kiwango cha kasi hiyo kubadilika. Baadaye kengele inalia, anaingia mwalimu wa Fizikia, anafundisha mwendo ule ule, na kalkulasi haitajwi. Mtahiniwa anaweza kupata A katika Fizikia, karatasi zote tatu ikiwemo ile ya maabara, bila kuitumia hata mara moja. Masomo mawili yanaishi nyumba moja na hayasalimiani.

Badala yake tulikariri kanuni tatu za mwendo. Unazikumbuka, hata kama ulimaliza shule zamani. Kanuni hizo ni sahihi kabisa, lakini zina sharti moja ambalo husemwa mara moja kisha likasahauliwa: mchapuko usibadilike. Zipe kitu ambacho mchapuko wake unabadilika, uone.

Chukua tone la mvua. Tuseme linaanguka kutoka kwenye wingu lililo mita 1,000 juu ya paa lako. Tumia kanuni ya shule, weka mvutano wa dunia 9.8, piga hesabu: tone litafika chini kwa kasi ya mita 140 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 504 kwa saa. Ndege ndogo za abiria hazifiki hapo! Kama ingekuwa kweli, mvua za Aprili zingekuwa zinatoboa mabati ya Kayole nzima, na Komarock tusingetoka nje na miavuli, tungetoka na kofia za chuma. Ukweli ni kwamba tone kubwa la mvua hufika chini kwa kasi ya kama mita 9 kwa sekunde, takriban kilomita 32 kwa saa. Mwendo wa boda boda asiye na haraka.

Kosa liko wapi? Hewa. Hewa hulizuia tone, na kadiri tone linavyoenda kasi ndivyo hewa inavyozidi kulizuia. Kwa hivyo mchapuko unategemea kasi, na kasi nayo inategemea mchapuko. Hapo kanuni za kukariri hazina la kukuambia. Kalkulasi ndiyo lugha ya kusema sentensi hiyo moja, kwamba kiwango cha kitu kubadilika kinategemea kitu chenyewe. Na mwanafunzi aliyekaa na fizikia ya aljebra muhula mzima hukutana na hewa katika tanbihi inayosema: chukulia kwamba hakuna hewa.

Kwa mwandishi wa programu jambo hili ni tamu zaidi, maana hahitaji hata kujua mbinu zote za kalkulasi ili alipate jibu. Gawanya muda katika vipande vidogo, tuseme mia moja kwa kila sekunde. Katika kila kipande, angalia kasi ya sasa, hesabu hewa inazuia kiasi gani, rekebisha kasi, rekebisha mahali tone lilipo, kisha rudia. Hiyo ni njia ya Leonhard Euler, Mswisi wa karne ya 18, na katika Python haizidi mistari kumi na mitano. Ukiiendesha utaona tone limekaribia kasi yake ya mwisho kabla sekunde mbili na nusu hazijapita, na baada ya hapo linashuka bila kuongeza mwendo hadi kwenye bati. Mara ya kwanza kijana anapoona grafu ile ikipanda halafu ikalala, huwa ananyamaza kidogo. Ni kimya kizuri.

Mvua ni mfano wa darasani, utasema. Sawa, tuje kazini.

Simu iliyo mfukoni mwako ina kihisi cha mchapuko. Tuseme umepewa kazi ya kuandika programu inayofuatilia matatu kutoka Komarock hadi mjini. GPS inafanya kazi vizuri Kangundo Road ambako mbingu iko wazi, lakini mkishafika katikati ya jiji, kwenye majengo marefu, ishara zinarukaruka. Bosi anasema: si simu ina kihisi? Tumia kihisi! Wazo zuri. Kutoka kwa mchapuko unajumlisha kupata kasi, kutoka kwa kasi unajumlisha tena kupata umbali. Integresheni mara mbili, basi.

Sasa tuseme kihisi kina kosa dogo, kinasoma 0.05 zaidi ya ukweli. Ni kidogo sana, nusu ya asilimia moja ya mvutano wa dunia. Baada ya dakika moja, kosa la kasi ni mita 3 kwa sekunde. Kosa la umbali ni mita 90. Baada ya dakika kumi kosa la umbali halijawa mara kumi, limekuwa mara mia: mita 9,000. Matatu imesimama kwenye foleni pale Outer Ring Road na programu yako inaonyesha imeshapita mji. Nimeshuhudia timu ikihangaika wiki nzima na hitilafu ya namna hii, wakibadilisha maktaba za programu moja baada ya nyingine, wakilaumu simu za Kichina, na katika msimbo wote hapakuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa katika kutojua kwamba ukijumlisha mara mbili, uchafu mdogo hukua kwa mraba wa muda. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefundishwa vizuri angewaambia hivyo kabla ya chai ya saa nne.

Dawa yenyewe inajulikana tangu 1960, mwaka ambao Rudolf Kálmán alichapisha njia ya kuchanganya vipimo viwili vibovu, kila kimoja kibovu kwa namna yake, ukapata kimoja kizuri. Njia hiyo ilitumika kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Leo iko katika simu, ndege na droni, na maktaba zake unapata bure. Lakini kuipakua maktaba na kujua namba za kuiwekea ni mambo mawili tofauti.

Na si simu tu. Michezo ya kompyuta ni fizikia. Programu za kupima kama paneli za sola zitatosha nyumba ni fizikia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipotengeneza setilaiti ndogo ya 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka kituo cha anga za juu cha kimataifa Mei 2018, na Taifa-1 ilipopaa Aprili 2023, ndani yake mlikuwa na programu za kompyuta, na programu hizo haziandikwi na mtu anayedhani vitu huanguka pasipo hewa kila mahali. (Huko juu kwa kweli hewa karibu haipo, ila ile kidogo iliyopo ndiyo hatimaye huvishusha vyombo vidogo kama hivyo. Tanbihi imerudi kulipiza kisasi.)

Haya, sasa nije kwenye hoja ya mama mmoja, ambayo ni hoja nzito na sitaki kuipita juu juu. Alisema: mwanangu ana B ya Hisabati. Akienda kwenye fizikia ngumu atapata C, labda arudie mtihani. Akienda kwenye nyepesi atapata A, atamaliza na daraja la pili la juu, na makampuni yote yanaandika kwenye matangazo ya kazi kwamba wanataka daraja la pili la juu. Karo ni mkopo wa HELB. Nani atalipa akifeli?

Ana haki. Mtu asiyelipa karo ya mtoto asiwe mwepesi wa kumwambia ajitose kwenye maji marefu. Lakini angalia hesabu yenyewe. Fizikia ya mwaka wa kwanza ni masomo mawili, labda matatu, kati ya arobaini na kitu atakayofanya kwa miaka minne. C mbili hazishushi shahada nzima kama atafanya vizuri kwingine. Na hatari iko upande wa pili pia, ila yenyewe haionekani kwenye cheti: fizikia nyepesi hufunga milango kimya kimya. Mwaka wa tatu kijana anataka kuchukua usindikaji wa mawimbi, au robotiki, au kuhamia uhandisi, anaambiwa hana msingi. Hakuna aliyemwambia mwanzoni kwamba mlango ulikuwepo.

Kitu ambacho kingemsaidia huyo kijana wa B ni muda. Na hapa kuna mfano mzuri. Chuo cha MIT kule Marekani, ambacho kila mwanafunzi wake, hata wa uchumi, lazima asome fizikia yenye kalkulasi, kina matoleo kadhaa ya kozi ya kwanza ya makanika. Lipo lenye hisabati nzito zaidi kwa wanaotaka kujipima. Lipo la kawaida. Na lipo linaloitwa 8.01L, kwa wale ambao shule zao hazikuwaandaa vya kutosha: mada ni zile zile, kalkulasi ni ile ile, ila halimaliziki Desemba pamoja na mengine, linaendelea hadi Januari. Hawakupunguza kina. Walipunguza mwendo. Laiti vyuo vyetu vingefanya hivyo! Kwetu, mwanafunzi ambaye hajawa tayari ana njia mbili, kukimbizwa au kuachwa. Najua ni suala la pesa na wahadhiri. Lakini kipindi kirefu cha likizo kati ya KCSE na kuripoti chuoni kipo, miezi kadhaa, na kila mtaa una kijana aliyemaliza uhandisi na hana kazi bado. Mlipe kidogo afundishe kalkulasi. Hapa Komarock wapo, siwataji majina wasije wakasumbuliwa.

Pia sitaki kudanganya kwamba kila mtu aifuate njia hii. Anayekwenda kusomea uuguzi au ufamasia, fizikia ya aljebra inamtosha, tena ikifundishwa kwa mifano ya shinikizo la damu na miale ya eksirei itamfaa kuliko kalkulasi isiyo na mgonjwa ndani yake.

Jambo jingine la kuangalia ni namna inavyofundishwa, na hili huenda ni kubwa kuliko hata jina la chuo. Mwaka 1992 watafiti watatu wa Marekani, David Hestenes na wenzake, walichapisha mtihani mfupi wa maswali ya kuchagua kuhusu kani na mwendo. Hauna hesabu hata moja. Unauliza mambo kama: lori likigongana na gari dogo, ni lipi linalolisukuma mwenzake zaidi? Wanafunzi waliofaulu mitihani migumu ya hesabu walianguka vibaya. Eric Mazur, profesa wa Harvard, aliwapa wanafunzi wake, na mmoja akamuuliza ajibu vipi, alivyofundishwa au anavyofikiri mwenyewe. Swali hilo lilimfanya abadilishe ufundishaji wake wote. Kisha 1998 Richard Hake akakusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 katika kozi 62. Kozi za mihadhara mitupu zilipata kama asilimia 23 ya maendeleo yaliyowezekana. Zile ambazo wanafunzi hujadiliana, hubishana na kujibu maswali darasani zilipata kama asilimia 48. Data zilitoka kwa walimu waliojitolea kuzituma, kwa hiyo punguza chumvi kidogo, lakini tofauti ni mara mbili, na chumvi haiwi nyingi hivyo.

Sisi Waswahili tuna tatizo letu la ziada hapo. Neno letu nguvu hubeba mizigo mingi: unayosukuma nayo gari ni nguvu, ya betri ni nguvu, ya injini ni nguvu. TUKI walijaribu kutusaidia katika kamusi yao ya biolojia, fizikia na kemia ya 1990, wakatupa kani na nishati, lakini shule za Kenya hufundisha Fizikia kwa Kiingereza na maneno hayo yamebaki kwenye kamusi. Matokeo yake uyaone kwenye tokeni za stima. Kampuni inaitwa Kenya Power, na watu husema wananunua nguvu za umeme, lakini yuniti moja ni kilowati kwa saa moja, na hiyo ni nishati. Birika la wati 2,000 humaliza yuniti kwa nusu saa. Balbu ya wati 10 huhitaji saa 100. Nimesikia majirani wakigombana kuhusu taa ya ngazini iliyoachwa usiku kucha, na ndani kila mmoja ana koili ya kuchemshia maji ya kuoga. Hapo hakuna kalkulasi, kuna dhana tu, na mwalimu asiyekupa nafasi ya kubishana hatajua kwamba dhana hiyo huna.

Kwa hivyo kabla ya kujaza fomu, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyo na umuulize maswali ya mtaani, siyo ya brosha. Darasa la fizikia mko wangapi? Kuna kipindi cha mazoezi, na anayekiongoza huwa anafika? Mkiwa maabara mnashika vifaa wenyewe au wanane mnamwangalia mmoja? Kazi zenu husahihishwa na kurudishwa? Kama jibu la swali la mwisho ni kicheko, umejua.

Na kwa sisi wa Eastlands, uliza maabara ni saa ngapi. Hili watu hulidharau. Technical University of Kenya iko Haile Selassie Avenue, matatu moja tu kutoka hapa. Chiromo, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia sayansi, ni matatu mbili. Kenyatta iko Thika Road na JKUAT iko Juja mbali zaidi, na ukisoma huko bila kupata chumba karibu na chuo, maabara ya alasiri maana yake ni kurudi nyumbani usiku, na mvua ikinyesha nauli inapanda mara mbili. Nimeona vijana wazuri wakianza kuruka maabara muhula wa kwanza kwa sababu ya nauli, wakinakili vipimo vya wenzao. Fizikia ya kunakili vipimo haina tofauti na kusoma mapishi ukiwa na njaa. Kama pesa za chumba hakuna, kozi ya karibu yenye maabara utakayohudhuria ni bora kuliko ya mbali yenye jina.

Kuna wale ambao wameshaingia, na kozi yao haina fizikia ya maana. Kwenu hali si mbaya kama ilivyokuwa. MIT ilipotangaza 2001 kwamba itaweka masomo yake kwenye mtandao bure, sisi tulikuwa tunalipa saiba kwa dakika, na kupakua faili moja la notisi kulikula nauli ya siku. Kebo za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009 ndipo mambo yakabadilika. Leo kuna OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Houston, ambao vitabu vyao ni bure na halali. Lakini tahadhari na majina! Wana kitabu kiitwacho College Physics, cha 2012, na kingine kiitwacho University Physics, cha 2016, chenye juzuu tatu. Kwa masikio ya Kenya vinasikika kama kitu kimoja, chuo ni chuo. Sivyo. Cha kwanza ni cha aljebra. Cha pili ndicho chenye kalkulasi, na juzuu ya kwanza, ya makanika na mawimbi, inatosha kwa miezi sita ya jioni zako. Mihadhara ya Richard Feynman ya 1961 hadi 1963 nayo inasomeka bure mtandaoni tangu 2013, na utaambiwa na kila mtu uanze nayo. Usianze nayo. Ni kitabu cha mtu anayerudi mahali alikowahi kufika. Na video zina ugonjwa wake, ukimwangalia mtu mahiri akitatua tatizo unadhani umelitatua wewe. Funga simu, chukua kalamu, fanya maswali ya mwisho wa sura, kumi kwa wiki. Kisha chukua moja kati ya hayo ulifanyie programu, tone la mvua kwa mfano, ulinganishe majibu.

Wazazi wenye watoto wadogo wasidhani mambo haya ni ya mbali. Kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na huko Hisabati imegawanywa: wa mkondo wa sayansi na teknolojia wanasoma ile kamili, wengine ile ya msingi. Ni chaguo lile lile la fizikia mbili, limeletwa chini miaka mitatu, kwa mtoto wa miaka kumi na mitano. Mtoto akiwa katikati, hajui, mimi ningemweka kwenye ile kamili na kumtafutia msaada, kwa sababu kushuka kutoka huko ni rahisi na kupanda ni shida.

Kwa waliopangiwa chuo tayari, KUCCPS huwa na kipindi cha kuomba uhamisho kati ya vyuo baada ya matokeo ya upangaji kutoka, na kipindi chenyewe si kirefu. Kabla hakijafunguliwa, pakua mtaala wa kozi uliyopewa na ule wa kozi uliyoikosa, uviweke kando kwa kando, na utafute ukurasa wa masomo ya muhula wa kwanza. Angalia neno kalkulasi limeandikwa wapi, na kama fizikia inakuja pamoja nayo au kabla yake. Ukikwama kusoma, njoo Jumamosi, ila siyo asubuhi.